Poda ya Bi Leontine

Kila alipotoka shule, Ozella aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaza macho yake kulia na kupanda ngazi mbiombio. Kushoto hakutazama. Kushoto kulikuwa na chumba ambamo Winifred, mama yake, aliwapamba marehemu kabla ya mazishi. Aliwachana nywele, akawapaka poda, akawafunga vifungo vya shati. Nyumba ilikuwa ya Bwana Tolliver, aliyewaandalia watu mazishi katika mtaa wa Central, Los Angeles, na Ozella na mama yake walipanga vyumba vya juu. Chumba kile kikifunguliwa, harufu ya maua na dawa ilipanda hadi jikoni. Ozella alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuizoea.

"Ozella, wageni wenu wa chini wameshakula?" wenzake walimtania njiani.

"Bado, wanakungoja wewe," alijibu, lakini moyoni hakuwa na mzaha hata kidogo.

Basi Jumapili moja simu zililia mtaa mzima. "Washa televisheni! Mmoja wetu anatokea!" Enzi hizo, mtu mweusi kuonekana kwenye televisheni lilikuwa jambo la kuacha chungu motoni, na vyungu viliungua kweli. Watu walijazana sebuleni kwa Bwana Tolliver. Aliyengojwa ni Bi Leontine Mabry, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, yeye aliyemfundisha Ozella kusoma Maandiko mbele ya watu bila kutetemeka. Tena hakuigiza yaya wala mpishi. Aliigiza muuguzi mkuu, anatoa amri na inafuatwa! Nani alikuwa ameyaona hayo?

Akatokea.

Televisheni za wakati ule hazikuwa na rangi, hilo kila mtu alilijua. Lakini uso wa Bi Leontine ulikuwa kama uliopakwa chokaa, macho yamezama, midomo imekuwa myeusi. Kule studio walikuwa na poda ya Wazungu tu, wakampaka hiyohiyo.

"Yesu wangu," mama mmoja alinong'ona. "Mbona kama maiti?"

Tangu siku ile, kila Ozella alipofumba macho, uso ule ulimjia. Ulitoka katika chumba cha kushoto, ukimwita kwa jina, polepole.

Siku chache baadaye Bi Leontine mwenyewe alikuja, akaketi jikoni. Mkate wa mahindi aliowekewa hakuugusa.

"Dada Winifred, wameniambia wazi. Jumapili hii nikionekana vile tena, nafasi anapewa mwanamke wa Kizungu. Watampaka rangi awe mimi."

"Makubwa! Awe wewe?"

"Awe mimi. Na mlango huu ukishafungwa, sijui nani ataufungua tena. Wewe una poda za rangi yetu. Nichanganyie, ndugu yangu."

Ozella akawaza chumba cha kushoto. Poda ya chini? Ya wale?

Jumamosi mama yake alimpa kopo dogo. "Mpe Bi Leontine mkononi. Usisimame njiani."

Alisimama njiani. Kila uso aliowahi kusikia umepakwa poda na mama yake ulikwisha kuzikwa. Je, Bi Leontine akiipaka? Ozella alimpenda mno mwanamke yule. Akarudi nyumbani, akalificha kopo chini ya ngazi, kisha akaenda mikono mitupu.

"Mama anasema poda imeshindikana," alimwambia Bi Leontine.

Bi Leontine akamgusa shavu. "Haya, mwanangu. Mwambie asante kwa kujaribu."

"Umempa?" mama yake alimuuliza aliporudi.

"Nimempa. Anasema asante."

Jumapili jioni sebule ilifurika tena, watu na sahani zao za kuku. Winifred alivaa kofia yake ya kanisani, akatamba: "Leo mtamwona Leontine wetu mwenyewe!" Ozella aliketi mbele ya televisheni ambayo haijawashwa bado. Ndani ya kioo cheusi aliona uso ukimtazama, hauna rangi, macho ni mashimo. Akataka kupiga kelele. Kumbe ulikuwa uso wake mwenyewe.

Alimvuta mama yake jikoni, akasema yote huku analia.

Winifred hakumpiga. Alikwenda chini ya ngazi, akafungua kopo, akaonyesha shavu lake. "Hii poda ni mpya, na niliijaribu hapa kwanza. Nimekufa?"

"Hapana, Mama."

"Haya, toka! Kipindi kinarushwa moja kwa moja, na bado hakijaanza. Bwana Tolliver! Lete gari!"

Gari lilikuwa moja tu, refu, jeusi, la kubebea maiti.

"Dada, hili gari halijawahi kukimbia," Bwana Tolliver alilalamika.

"Leo litakimbia!"

Likakimbia. Njia nzima magari yaliwapisha, wanaume wakavua kofia. Langoni mwa studio mlinzi naye akavua yake. "Poleni sana. Nani amefariki?"

Winifred alimtazama binti yake. Uongo mdogo tu ungefungua lango lile upesi.

"Hakuna aliyefariki, bwana," Ozella alisema. "Tumemletea Bi Leontine poda yake. Mimi niliificha."

Mlinzi alilitazama gari, akamtazama mtoto, akacheka mpaka akashika mbavu. Akafungua.

Bi Leontine alikuwa mbele ya kioo, uso mweupe wa chokaa. Ulikuwa uso uleule wa ndotoni, na ukageuka.

"Bi Leontine, nilikudanganya. Mama hakushindwa. Niliogopa ukiipaka utakufa."

Chozi likashuka usoni mwa Bi Leontine, likaacha mchirizi wa kahawia katika ule weupe.

"Ulidhani mama yako anawapaka kifo? Anawapaka ili watu wao wawatambue, mwanangu. Na mimi nataka hilohilo, watu wangu wanitambue." Akampa kitambaa. "Njoo unifute."

Ozella alifuta mpaka Bi Leontine aliyemjua akarudi. Winifred akafungua kopo.

Nafasi ile hakupewa mtu mwingine. Walioangalia nyumbani walisema Bi Leontine alipotokea, shangwe ilikuwa kubwa hata wageni wa chini nusura waamke.

Ndani ya gari, wakirudi, Winifred alisema, "Wale wa chini hawajamdhuru mtu. Uongo wako ndio nusura umzike mwanamke angali hai. Kuogopa si kosa, mwanangu. Ukiogopa, sema. Hofu ikisemwa hupata wa kuibeba pamoja nawe. Ikifichwa huzaa uongo, na uongo haumtunzi mtu unayempenda."

Kesho yake, alipotoka shule, Ozella aliingia kwa mlango wa nyuma. Chumba cha kushoto kilikuwa wazi kidogo. Akasimama.

"Mama," aliita, "naogopa."

"Najua. Ingia uogope hukuhuku, unishikie taa."

Akageuza uso kushoto, akaingia.