Zawadi ya Mshindi wa Mbio

Nilimfumba macho mwanamke ambaye si mke wangu, mbele ya ufuko mzima, huku samaki wa moshi wakining'inia shingoni mwangu kama mkufu.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu mengine yote yaliingilia hapo. Mimi ni dereva wa lori. Nimeibiwa viatu msikitini Istanbul, nimelala katikati ya kondoo njia ya Kashgar, na huko Novosibirsk niliwahi kucheza harusini hadi jasho linitoke kabla sijagundua kwamba nimealikwa ya jirani. Ungedhani mtu aliyezunguka hivyo angemjua mkewe kwa kisogo.

Tulikuwa likizo. Mimi, mke wangu Zuura, mkwe wetu Begaim na mwanawe Baistan, mjukuu wangu, mwaka mmoja na ushee. Mwanangu, mume wa Begaim, alikuwa Urusi akijenga nyumba za wenzake. Tulifikia kwa bibi mzaa baba aliyemlea Begaim bila mama, bi Kalicha, upande wa kusini wa Ziwa Issyk-Kul, nyumba yenye bustani ya mishmishi inayoteremka hadi majini. Kusafiri na mtoto wa umri ule ni kuhamisha serikali. Poti, nepi, dawa ya tumbo, farasi wa manyoya asiye na sikio... na bado tulisahau kijiko pekee anachokubali kulishwa nacho.

Jua linashuka, Zuura akanituma barabarani nilete samaki na maziwa ya mtoto. Wakati wa kurudi nikamwona amekaa kwenye jiwe ufukoni, kilemba cha kijani, kanipa mgongo. Nikanyata. Nikamfumba macho.

"Haya, sema ni nani."



Uso ule ulikuwa wa baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka kuogelea. Baridi ya samaki. Na macho yake, chini ya viganja vyangu... hayakufumba. Niliyahisi yako wazi.

"Toktosun." Sauti ya Zuura, nyuma yangu. "Huyo unayemfumba macho ni nani yako?"

Ufuko ukaangua kicheko. Kwetu aibu huoshwa kwa mwaliko. Ukimkanyaga mtu mguu, unamwita mezani. Nikashika kofia.

"Samahani, dada. Kesho tunamkata kamba mjukuu wangu, nyumba ile ya bi Kalicha. Njoo ule. Njoo ukimbie na wenzako."

Hakugeuka.

"Umenialika?" alinong'ona.

"Nimekualika."

"Kwenye nyumba ya Kalicha..."

"Hiyo hiyo."

"Haya."

Nilinawa mikono kwa sabuni, kisha kwa vodka. Harufu ya magugu na tope haikutoka.

Kesho yake mchana tukamfunga Baistan vifundo vya miguu kwa kamba ya sufu, uzi mweusi na mweupe umesokotwa pamoja. Mtoto anayetaka kutembea lazima akatwe kamba. Watu wanakimbia kutoka mbali, wa kwanza kufika ndiye anayekata, na mtoto hurithi mwendo wake. Mshindi haondoki bila zawadi ya mwenye nyumba.

Bi Kalicha alikuwa jiko la nyuma akikaanga borsok, vile vimaandazi vyetu. Huku mwisho wa bustani tulijipanga: watoto wa majirani, mashangazi wawili wanene na mimi.

"Wewe kaa chini," Zuura aliniambia. "Mtoto akirithi mwendo wako atafika darasa la kwanza ana mvi."

Tukakimbia. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikijipa moyo kwamba nawasindikiza wengine. Ndipo kitu kikanipita. Sikusikia miguu. Nywele mbichi zilinichapa shavuni, na ile harufu...

Magugu. Tope.

Aliwapita wote. Akapiga magoti mbele ya mtoto. Sikuona kisu, ila kamba ilikatika. Begaim, aliyekuwa amemshika Baistan mabega, alimtazama usoni akatabasamu. Kisha lile tabasamu likabaki mdomoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Mwanamke akainuka, akapotelea kwenye mishmishi.

Bi Kalicha akatokea na sinia la borsok na joho jipya begani.

"Mshindi yuko wapi nimvishe?"

"Kaondoka, mama. Ni mgeni wangu mimi," nikajigamba. "Nilimwalika jana."

Aliokota kamba. Ilikuwa inachuruzika maji. Jani la gugu la ziwani limejisokota ndani yake.

"Alikuwa na kovu?" aliuliza polepole. "Hapa, kwenye muundi. Kama la meno."

"Analo," Begaim alisema.

Sinia likaanguka.

Hapo hapo Baistan akasimama. Akapiga hatua. Tukashangilia, jamani, tukapiga makofi. Alimpita mama yake aliyemnyooshea mikono. Akanipita mimi. Akampita Zuura na pipi yake. Aliteremka bustani moja kwa moja, bila kuyumba kama watoto wanavyoyumba.

Kuelekea majini.

Nilimkamata, nikamgeuza. Akajigeuza. Nikambeba. Miguu ikaendelea kutembea hewani. Alipolala, miguu haikulala.

Bi Kalicha alisema ni msisimko tu, akaingia chumbani kwake akajifungia.

Kesho yake alasiri tukapakia gari tukakimbia. Baistan kafungwa mkanda kwenye kiti chake, macho mbele, miguu inakwenda... inakwenda... inakwenda. Hakulia. Ningeshukuru angelia. Tulipokaribia Balykchy, ziwa linapoishia, midomo yake ikawa ya bluu. Akakohoa. Maji yakamtoka. Begaim akamfungua mkanda, akampakata; mtoto akakohoa tena, maji zaidi. Nilichovya kidole nikaonja. Yana chumvi kidogo, kama ya ziwa letu, na gari lile halikuwa na tone la maji ya ziwa.

"Mtoto anazama," Begaim alisema. Hakupaza sauti. "Baba, anazama hapa mapajani mwangu."

Nikageuza gari. Kadiri tulivyorudi nyuma, ndivyo alivyopumua vizuri zaidi.

Tulifika jua likiinama. Begaim alimweka chini afungue lango tu. Lango tu. Tulipotazama hayupo.

Nilimkuta ndani ya ziwa, maji kifuani, akiendelea mbele. Mimi siwezi kuogelea. Nikiingia beseni la kuogea Zuura huniambia niage. Nikaingia hivyo hivyo na viatu. Nilipomshika kwapani, nikainua macho.

Alikuwa amesimama hatua chache mbele, maji kiunoni, kilemba cha kijani kimelegea. Hakunyoosha mikono. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua foleni imemfikia.

"Nilishinda," alinong'ona.

"Ulishinda, dada. Nitakuletea joho sasa hivi."

"Si wewe."

"Nani, basi?"

"Mwenye nyumba. Kwa mkono wake... la sivyo nitauchukua mwendo wangu, na mtoto aliyeurithi."

Nilirudi jikoni na mtoto begani, maji yakinitiririka suruali nzima. Nikasema niliyoambiwa. Bi Kalicha alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

Begaim akamsogelea. "Bibi. Uso wake ni kama wangu. Yule ni mama yangu?"

"Baba yako alipokufa nilitaka kitu chake kibaki," mzee alisema. "Wewe ndiye ulikuwa kitu chake. Nikamfukuza mama yako, nikakubakiza. Siku ya kamba yako akaja kukimbia kama watu wengine. Sikuwa nimemwalika. Nikamfungulia mbwa."

"Halafu?"

"Alikimbia vizuri kuliko wote. Mbwa alimpata mara moja tu, hapo mguuni. Akaingia majini. Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Tulidhani atageuka."

"Uliniambia yuko Urusi na mwanaume."

"Ulitaka nikuambie nini?"

 Begaim alifuta unga mezani kwa kiganja, polepole, mpaka ubao ukaonekana.

"Nilimlaani kila nilipougua," alisema. "Kila nilipopata hedhi na kukosa wa kumwuliza. Nilipojifungua huyu nililala pale hospitali nikamlaani mwanamke aliyekuwa chini ya ziwa, mita mia kutoka kitanda nilichokulia."

Bi Kalicha alinawa mikono. Akafunga kitambaa cheupe kichwani, kile cha kwendea harusi na misiba. Akachukua joho.

"Mkwe, unaweza kunisindikiza hadi kwenye mawe?" aliniuliza. Mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiomba.

"Anaweza kwenda peke yake," Begaim alisema. "Mama yangu alikwenda peke yake."

Mzee akatoka.

Zuura alikuwa ameanza kuomba dua kwa sauti ya chini, uso ukutani. Mimi nilisimama dirishani. Nje kulikuwa na rangi ile ya majivu, si mchana si usiku. Nilimwona bi Kalicha akishuka bustani, joho limekumbatiwa kifuani. Kisha mishmishi ikamficha.

Upepo ukakoma.

Baistan, mikononi mwa mama yake, akaacha kutembeza miguu. Ilisimama yote miwili kwa pamoja. Akashusha pumzi ndefu, akalala.

Halafu tukasikia.

"Begaim..."

Sauti ya mzee, kutoka ufukoni. Haikuwa kelele.

"Begaim, nishike mkono... mawe yanateleza."

Nikaenda mlangoni. Begaim akanizuia, si kwa nguvu. Alinikalisha kizingitini, akaniwekea mtoto mapajani, kichwa chake kwenye kiwiko changu, miguu yake midogo, yenye joto, juu ya goti langu.

"Usimwamshe, baba," alinong'ona. "Akiamka ataanza tena."

Kwa hiyo nilikaa. Mtoto mzito kwa usingizi. Ukimtikisa tu... Nilimtazama, nikatazama giza, nikamtazama. Sauti ikaita tena. Mara hii ilikuwa na maji ndani yake. Begaim alisimama juu yangu, mkono kwenye mwimo wa mlango, uso umeelekezwa kule kule inakotoka sauti. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo hadi mwisho.

Kisha wanawake wawili wakicheka. Au maji yakipiga mawe. Zuura anasema maji. Mimi nimeishi na Zuura miaka thelathini, najua sauti yake anaposema jambo asiloliamini.

Asubuhi tulikuta viatu vya mpira vya bi Kalicha juu ya jiwe, vimepangwa. Joho halikuwapo. Polisi wakaandika mzee, maji ya baridi, moyo. Hatukuwaongezea neno.

Sasa tuko kwetu Bishkek, kipupwe. Baistan anatembea. Anatembea vizuri mno. Hana ule mlio wa pata pata wa watoto sakafuni. Nageuka jikoni, namkuta nyuma yangu, ananitazama. Zuura amemshonea njuga kwenye soksi. Wakati mwingine njuga hazilii. Wakati mwingine nikipita ukumbini bila viatu nakanyaga unyevunyevu, nami najiambia ni theluji ya mabuti yangu, japo siku hiyo sikutoka.

Jana Begaim alikuwa akinimiminia chai. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu kiangazi, nimelitania, nimelifanyia mzaha mezani, halikutoka. Mwishowe nikaliuliza bila mzaha.

"Begaim, mwanangu. Siku ile, ningetoka ningemwahi?"

Akajaza kikombe nusu, kama inavyotakiwa kwa mtu unayemheshimu. Akanisogezea.

"Ungemwahi, baba. Ndiyo maana nilikupa mtoto."