Saa Saba, Chini Stoo

Ukumbi wa huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti ulikuwa umefurika, na mshonaji alikuwa wa arobaini na tatu kwenye foleni. Alivaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa, na uso wa mtu aliyekuja kugomba. Mara ngazi ikapita karibu na sikio lake.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?" aliuliza fundi aliyeibeba, kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu.

"Wewe bado. Intaneti yenu ndiyo imeniumiza. Nacheza mbio za magari kwenye simu. Nikikata kona, gari linakata baadaye, likiwa limeshaingia mtaroni!"

Fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Hata mimi nacheza. Huko unaitwa nani?"

"Sindano."

"Basi nitakutafuta, Sindano."

Alimtafuta kweli, lakini wiki nzima mchezo uligoma kuwaweka pamoja, maana hupanga watu kwa ubora wa mtandao: wenye kasi na wenye kasi, wanaosuasua na wenzao. Wiki ya pili, kama muujiza, wakakutanishwa. Tangu hapo kila siku saa saba mchana mshonaji alizima cherehani, wakakimbizana na kutaniana, sauti zikichelewa. Siku moja fundi alisema, "Nakupenda," na neno likamfikia mshonaji wakati gari lake limeshapinduka. Alifurahi asijue auweke wapi uso.

Baada ya miezi mitano, mama yake akateleza bafuni, saa saba ileile, akavunjika mkono. Mshonaji alimpigia fundi mara kumi na moja. Hapatikani. Yeye na jirani wakamkokota mama mpaka hospitali, mshonaji akilia njia nzima.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza jioni, simu ilipoita.

"Nilikuwa nakusubiri kwenye mchezo, mpenzi."

"Simu ya mtu anayecheza huwa inaita!"

"Pale nilipokuwa mtandao mbovu..."

"Ofisini kwa intaneti mkose mtandao? Nenda kamdanganye huyo uliyekuwa naye!"

Alimfungia namba, na kwa siku tisa hakuugusa mchezo. Moyo ulimuuma, lakini hakuwa tayari kuolewa na mtu anayetoweka akihitajika.

Siku ya kumi mama akachoka naye. "Mwanangu, nenda ukamfumanie mmalizane. Juzi umeshona suruali mguu mmoja mfupi."

Saa saba akafika ofisini. "Yuko stoo," dada wa mapokezi alisema. "Mchana wake wote huishia huko."

Alishuka kimyakimya, akasukuma mlango wa chuma. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Fundi alikaa peke yake juu ya kreti, katikati ya mabunda ya waya, simu kaiinua juu ya kichwa. Kwenye kioo gari moja lilikuwa kwenye mstari wa kuanzia, na maandishi: Tunamsubiri Sindano.

"Kwa nini huku?"

Fundi aliruka. "Juu nina kasi kubwa, mchezo unanitenga nawe. Huku intaneti ya ofisi inafika kwa shida, kama yako. Nikaona heri nisuasue na wewe." Akainamisha kichwa. "Sikujua kwamba simu za kawaida haziingii. Niombee radhi kwa mama."

"Miezi mitano, kwenye vumbi hili?"

"Mitano na siku tisa."

Mshonaji akalia bila kujificha. Hakuna aliyewahi kujirudisha nyuma ili atembee naye.

"Nataka nije nyumbani," fundi alisema. "Nimwombe mama msamaha, halafu nikuombe wewe uwe mke wangu." Mshonaji akafumba macho. "Sindano? Umekwama?"

"Sijakwama. Leo neno lako limefika kwa wakati, niache nilisikie." Akamshika mkono. "Nimekubali. Sasa twende juu."

Kwenye ngazi, mkono mmoja ukiwa bado mkononi mwake, aliifungua ile namba na kuipiga. Simu ikaita mfukoni mwa fundi.

"Haloo?" alipokea, akimtazama.

"Haloo, mpenzi wangu," alisema mshonaji. "Ahsante."