Kifua cha Inchi Ishirini

Dawa ilikuwa ya moto.

Chupa ya maji jirani yake ndani ya friji ilikuwa baridi ya kuuma meno, maziwa yalishaanza kushika barafu, lakini kile kichupa cha homoni, kilicholala hapo tangu asubuhi, kilikuwa na joto la yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Bi Chaki alikigeuza kiganjani, akakinusa kama mtu anayeuziwa samaki wa jana, kisha akamwita mumewe.

"Hebu shika."

Mumewe, mchomeleaji wa mageti na madirisha, alikishika. "Baridi."

"Hii ndiyo baridi?"

"Mke wangu, nesi si alisema? Utasikia joto lisilo na moto. Ni dawa hiyo. Inua blauzi tuchome."

Maneno hayo mawili, ni dawa, usiyapite haraka. Watu wanadhani jini huingia usiku kwa kuruka ukuta. Thubutu! Mwizi mjanja huvaa ovaroli, akaja mchana kweupe kusoma mita, na wewe mwenyewe ukamfungulia na kumpa kiti. Jini la Bi Chaki lilipata ovaroli ya bure kutoka hospitali.

Bi Chaki alikuwa fundi wa sare za shule. Jina alilipata kwa sababu chaki haikumtoka sikioni hata akienda msibani. Alishona kaptura, sketi na mashati ya watoto wa mtaa mzima, na miaka tisa ya ndoa ilikuwa imepita bila yeye kumvalisha wa kwake. Hii ilikuwa mara ya tatu kuchomwa sindano za kukuza mayai, na daktari hakupamba maneno: "Mwili wako umechoka, mama. Hii ikishindikana, sitakuchoma tena." Kila saa moja jioni, sindano moja tumboni. Ijumaa mayai yawe yamekua, yatolewe, yachanganywe na mbegu za mumewe, kisha moja lirudishwe.

Yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa yalimpata yote. Kichwa kiligonga. Tumbo lilivimba hadi sketi ikafungwa kwa pini. Joto lilimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele. Na kilio! Alimlilia mteja aliyeleta kaptura ya mwanawe ilegezwe kiuno.

"Dada, kaptura nayo inaliliwa?" mwenzake katika kiwanda chao cha kushonea alimtania. Huyu aliitwa Kifungo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoboa na kushona vifungo. "Ukiendelea hivi tutawapa wateja nguo zikiwa zimeshafuliwa."

Wakacheka. Kucheka nako kulimuuma tumbo.

Siku ya tano alijiangalia bafuni. Sindano zote zilichomwa kushoto na kulia mwa tumbo, mbali na kitovu. Chini ya kitovu chake palikuwa na alama tano za buluu, nne zimejipanga na moja imekaa pembeni, ndogo ndogo, kama mtu mdogo sana alikuwa amejishikilia hapo ili asianguke.

Alimwonyesha nesi. Nesi hakuvaa hata miwani. "Michubuko. Ni dawa hiyo."

Siku ya sita kiwanda kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Kifungo alifagia chini ya mashine zote, akatoa nje mifuko ya vipande, akapiga deki, na harufu ikabaki palepale chini ya meza ya kukatia. Siku ya saba, saa nane mchana, jua likiwa limesimama mlangoni kama mdai, pedeli ya cherehani ya tatu, ile isiyo na mtu, ilianza kwenda. Polepole. Ilikwenda kama inavyokwenda mtoto anapojifunza kuikanyaga kwa mikono miwili, akiwa amekaa sakafuni.

Kifungo aliacha sindano yake hewani. "Dada," akanong'ona, "na hiyo pia ni dawa?"

Bi Chaki aliweka mkasi chini. Alikuwa ameinamisha uso kama mtu aliyekamatwa.

"Dada, umefanya nini?"

"Nilipima."

"Ulimpima nani?"

"Sikumpima mtu."

Kifungo akashika mdomo. Kila ufundi una mwiko wake, na wa washonaji ni huu: futi ya kupimia haizungushwi hewani. Kama mtoto hayupo, ngoja aje, au leta shati lake la zamani. Kipimo ni wito. Ukiita kifua, kifua kitakuja.

"Ulipokuwa ukienda kula," Bi Chaki alisema, sauti yake ikipita kwenye tundu la sindano. "Siku ya kwanza ya dawa. Nilisema nione tu mwanangu angekuwa mkubwa kiasi gani kama ile mimba ya kwanza isingetoka. Nikazungusha futi. Nikasema, kifua, ishirini. Nikafurahi, mdogo wangu. Nikarudia kesho yake. Siku ya nne nikavuta futi ikakataa kufunga. Palikuwa na kitu ndani yake. Kikapumua."

"Ukatupa futi!"

"Nikaandika. Ishirini na nusu."

Jumatano daktari alitazama picha ya mayai, akatikisa kichwa. Yalikuwa madogo kama ufuta. "Dozi hii ingemvimbisha tembo," akasema. "Mama, ni kama kuna mtu mwingine anainywa."

Alidhani anatania.

Siku hiyo hiyo Kifungo alimvuta mkono hadi kwa mwanamke mmoja msusi, ambaye kati ya kichwa na kichwa alikuwa pia akitoa majini. Msusi hakusimama. Aliendelea kumsuka mteja aliyekuwa amesinzia, kitana mdomoni, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo hana ubaya," akasema. "Wenye ubaya nawajua, wangeshavunja vyombo. Huyo ni kitoto cha kijini kisicho na mama. Kimesikia kinaitwa, kikaja, kikakuta mwili umejaa dawa ya kumwandalia mtoto. Wewe ungekataa?"

"Basi kikae tu," Bi Chaki alisema upesi. Kifungo akamfinya.

"Kikae kinywe nini? Tumbo lako ni chungu kimoja. Kikishiba hicho, Ijumaa huna yai. Uliyemwita kwa kipimo, mtoe kwa kipimo. Unashuka namba hadi sifuri. Halafu useme kwa mdomo wako: hapa hapana mtu. Mimi siwezi kukusemea."

"Nikisema hivyo, tumbo si litasikia?"

Kwa mara ya kwanza vidole vya msusi vilisimama. "Litasikia, mwanangu," akasema.

Alhamisi, saa nane. Kifungo alikaa nje, mgongo kwenye mlango. Ndani, Bi Chaki alipiga magoti sakafuni, akazungusha futi mahali alipozoea, na haikumbidi kungoja, kwa sababu kitu kiliingia ndani ya mzunguko ule kwa haraka na kwa furaha, kama mtoto anayeitwa kuvishwa nguo mpya, kikainua mikono yake, Bi Chaki akaisikia ikimgusa mabegani, vidole vitano huku na vitano huku, vya moto kama kile kichupa, na harufu ya maziwa ikampanda puani hadi matiti yakamuuma na kulowanisha blauzi, naye akafumba macho akavuta futi akasema ishirini na moja, akavuta akasema ishirini, akasema kumi na tisa, na kifua kile kikawa kinapungua ndani ya futi, mbavu zikikaribiana taratibu kama vijiti vya mwavuli unaofungwa, na kwenye kumi na tano sauti ndogo ikasema sikioni mwake, "Mama, unanibana," na kwenye kumi na moja ikasema, "Mama, nimekosa nini?" naye hakuacha, alilia na kuhesabu, akahesabu na kulia, tisa, nane, saba, hadi kwenye tatu kilichobaki kikawa kama pumzi iliyofungwa kwenye leso, na kwenye moja kikamwita tena, bila neno lingine, mama tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna watu.

"Hapa hapana mtu," alisema Bi Chaki.

Futi ikamlegea mkononi. Harufu ikakatika.

Ijumaa mayai manne yalikuwa yamekomaa. Daktari alishangaa hadi akamwita mwenzake aje kuona. Moja likashika, siku chache baadaye likarudishwa, na Bi Chaki akapewa vidonge vingine na siku kumi na nne za kungoja.

Hapo ndipo ukatili wa dawa unapoonekana. Matiti yalimuuma. Mwenye mimba nayo humuuma. Kichefuchefu kilimshika asubuhi. Mwenye mimba nacho humshika. Alimpigia nesi simu akicheka, na nesi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akavuta pumzi kwanza. "Mama, usiyashike sana hayo. Ni dawa."

Safari hii nesi alisema kweli. Siku ya kumi na tatu damu ilikuja.

Vidonge vikakoma. Ndani ya wiki moja tumbo likashuka, joto likaisha, kichwa kikatulia, machozi yakakauka hata pale alipoyahitaji. Kila mtu alimwambia amependeza. Alirudishiwa mwili wake kama mwenye nyumba anavyorudishiwa funguo: vyumba vyote vimefagiliwa, hakuna hata msumari ukutani.

Siku moja mumewe alipita kumchukua akamkuta peke yake kiwandani, amekaa sakafuni kando ya meza, milango yote wazi.

"Namwita," alisema kabla hajaulizwa. "Toka saa nane. Nimemwomba msamaha. Haji."

Mumewe alikuwa ameshaambiwa habari yote ile, na siku ile aliposikia aliinuka akaenda kuosha vyombo. Sasa aliweka mfuko wake wa vifaa chini, akatazama huku na huku kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Alikuwa anafika wapi?"

Bi Chaki alimwonyesha kwa mkono, juu kidogo ya goti lake.

Akasogea pale. Akateremsha kiganja chake hadi kwenye kimo hicho, akakiweka juu ya hewa na kukiacha hapo, akasimama hivyo, kama baba aliye pembeni mwa barabara na mwanawe, wakingoja magari yapite.