Jina Ambalo Gazeti Halikuliandika

Kila Ijumaa alasiri, Yasmin alipotoka shuleni, alipitia kwa Fundi Abasi, mshona nguo wa mtaa wao ulio chini ya milima ya Uluguru, pale inapoanzia njia ya kupandia kilele cha Bondwa. Barazani kwa fundi, kando ya cherehani, waliketi wazee ambao kiwanda chao kilikuwa kimeuzwa kisha kikafungwa. Ilikuwa miaka ile magazeti ya watu binafsi yalipoanza kumiminika mjini, kila juma likizuka jipya. Wazee walikuwa na kiu ya habari, ila macho yao hayakuwasaidia tena. Basi Yasmin, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye sauti safi, ndiye aliyekuwa msomaji wao.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, redio yetu," aliitika Fundi Abasi. "Keti. Leo wameandika nini?"

Siku hiyo habari zilikuwa kavu. Yasmin alisoma juu ya bei ya saruji, akasoma juu ya barabara ya Dumila. Mzee Mwinjuma akaanza kusinzia, na mwenzake akawa anahesabu shanga za tasbihi. Yasmin hakupenda kusomea watu waliolala. Alifunua ukurasa kwa haraka, akakuta kichwa cha habari chenye herufi nyekundu: "WASIOTAKA NDOA WAZIDI: UGONJWA AU MAJINI?"

Mwandishi wa habari ile alikuwa ameokota neno la kigeni, "aseksuali", akaligeuza alivyopenda. Mwanzo alisema ni ugonjwa. Akateremka kidogo, akasema ni kiapo cha wanawake wanaowachukia wanaume. Akateremka tena, akadai kwamba wenye hali hiyo wameolewa na majini, wala hawapendi watoto. Mwisho aliandika kwamba mmoja wao ni mwalimu, naye anaishi mkoani Morogoro.

Mzee Mwinjuma aligutuka. "Morogoro hii hii? Nani huyo? Soma, mjukuu wangu, soma!"

Gazeti halikutaja jina. Lakini sasa macho yote yalimkazia Yasmin, na moyo wake ukavimba kwa furaha. Akakumbuka jinsi Mzee Mwinjuma, ambaye ukoo wake na ukoo wa kina Yasmin ni watani, alivyozoea kumchokoza njiani mama mdogo wa Yasmin: "Bi Shadia, wachumba wote umewakataa, hata mimi?" Naye Bi Shadia humjibu: "Wewe nikuweke wapi, na mbuzi wangu mwenyewe hana pa kulala?" Na watu hucheka mpaka machozi yakawatoka.

Kwa hiyo Yasmin, bila kuinua macho, akaendelea kwa sauti ile ile ya kusoma: "Mwalimu huyo ni Bi Shadia, wa kule karibu na mto."

Hakucheka mtu.

Bi Shadia ndiye aliyemlea Yasmin tangu mama yake alipofariki. Hakuwahi kuolewa, na barazani pake aliwafundisha Kurani mabinti wa mtaa, akiwemo Furaha, binti wa Fundi Abasi.

Fundi alisimamisha cherehani. "Limeandikwa hivyo hivyo?"

Yasmin alitaka kusema hapana. Ulimi ukasema, "Ndiyo."

Wazee wakatazamana. Miaka mingi walikuwa wamelijua gazeti la serikali na la chama tu. Kwao, kilichopigwa chapa kilikuwa kimekwisha kuthibitishwa na wakubwa.

Kesho yake Furaha hakuja chuoni kwa Bi Shadia. Siku zilizofuata mikeka ikazidi kubaki mitupu, hadi mama mmoja aliyeteremka kutoka mlimani kuuza karoti aliposimama mlangoni, akasema bila kuketi: "Bi Shadia, tunakuheshimu. Ila mwanangu simwachi kwa mtu mwenye jini. Gazeti limekutaja."

Bi Shadia jioni ile ile alishusha sanduku lake, akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi, mama mdogo?"

"Dumila, kwa mjomba wako. Mwalimu asiye na wanafunzi afanye nini hapa?"

"Na mimi?"

"Wewe utabaki kwa baba yako mkubwa umalize shule. Nitaondoka baada ya Ijumaa."

Tangu hapo Yasmin hakutulia. Akiketi alitaka kusimama, akisimama alitaka kutoka, na akitoka alikuta miguu inampeleka kwa Fundi Abasi. Akifika pembeni mwa nyumba, akageuka. Darasani aliitwa jina lake wala asisikie. Kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, Mwalimu Anastasia alimzuia.

"Yasmin, una nini wewe? Umekuwa kama mtu aliyekalia siafu."

"Mwalimu, aseksuali ni nini?"

Mwalimu alivuta kiti. "Umeisoma habari ile. Mimi pia niliisoma, nikasikitika. Neno hilo humweleza mtu ambaye havutiwi kimwili na mwanamume wala mwanamke. Si ugonjwa, wala si jini. Pia si nadhiri. Dada yangu ni mtawa; yeye alichagua, akaapa. Mtu huyu hakuchagua, ndivyo alivyo. Na asiyetamani mume hajawachukia watu. Anaweza kuwapenda ndugu, rafiki na watoto kwa moyo wake wote."

"Kwa hiyo mama mdogo ni aseksuali?"

"Mimi sijui, na wewe hujui. Hilo ni lake kulisema au kutolisema. Mwandishi alilitumia neno asilolielewa. Lakini ninavyokumbuka, hakutaja jina la mtu yeyote." Mwalimu akamtazama sana. "Jina hilo lilitoka wapi, Yasmin?"

Yasmin aliinama. Machozi yakadondokea daftari.

"Basi," alisema mwalimu kwa upole, "neno nimelisahihisha mimi. Jina utalisahihisha wewe."

Ijumaa ilipofika, Yasmin alipanda baraza la Fundi Abasi. Gazeti jipya lilikuwa limekwisha kununuliwa.

"Wazee wangu, naomba nirudie kwanza lile la juma lililopita."

"La kazi gani?" alinung'unika Mzee Mwinjuma. "Habari haichachi?"

Yasmin akasoma. Alipofika penye mwalimu wa mkoani Morogoro, akaweka nukta. "Habari inaishia hapa. Jina la mama mdogo nililitia mimi."

Fundi Abasi alisimama, kipande cha khanga kikimwanguka miguuni. "Yarabi toba! Binti, umenifanya nimtoe mwanangu chuoni! Nimemwamkia yule mama juma zima bila kumtazama usoni!"

"Nilidhani ni utani, baba. Kama anavyomtania babu Mwinjuma."

"Ati kama mimi?" Mzee Mwinjuma alisogea ukingoni mwa benchi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi humtania Shadia machoni pake, naye hunirudishia mpaka nikakosa pa kuuficha uso. Tena akifiwa, mimi mtani wake ndiye nitakayefika wa kwanza kushika jembe la kaburi. Huo ndio utani. Wewe ulisema asipokuwapo, ukajificha nyuma ya gazeti. Shadia angeweza kulijibu gazeti vipi? Nalo litakwenda kumzika nani?"

Fundi aliokota kile kipande cha khanga, akauliza kwa sauti ndogo: "Na hayo mengine? Ya ugonjwa na majini?"

"Yameandikwa, baba, ila si kweli." Akawaeleza alivyofundishwa na Mwalimu Anastasia, akijikwaa hapa na pale, lakini hakuongeza wala hakupunguza.

"Kumbe gazeti nalo hukosea," alisema fundi, kama mtu aliyepotewa na kitu.

"Basi hata lile lililosema kiwanda chetu kitafunguliwa mwezi ujao!" akapaza sauti Mzee Mwinjuma. Wakacheka, ingawa si kwa raha.

Fundi Abasi alifunika cherehani, wakaongozana wote hadi kwa Bi Shadia. Walimkuta anafunga mikeka kwa kamba.

"Bi Shadia, tuwie radhi," alisema fundi. "Tulimwamini msomaji, wala hatukukuuliza wewe jirani yetu. Jina aliliongeza huyu mtoto."

Bi Shadia alimtazama Yasmin, kisha akawageukia wazee. "Mngeniuliza, ningewajibu. Tangu usichana wangu sikuwahi kutamani mume. Nilimwuliza sheikh aliyenisomesha, akaniambia: ndoa ni sunna tukufu, lakini asiyejiona na haja nayo hana dhambi akiiacha. Nikatulia. Watoto wenu nawapenda, na jini simjui."

"Jini angekukimbia kwa ukali wako," alisema Mzee Mwinjuma.

"Angekimbilia kwako, amkute mwenzake."

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Fundi Abasi mwenyewe ndiye aliyeifungua ile kamba, na asubuhi iliyofuata Furaha alikuwa wa kwanza kuketi mkekani, juzuu yake kifuani.

Wanafunzi walipoondoka, Yasmin alipiga magoti mbele ya mama yake mdogo. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini shika haya. Mtu anayekusikiliza ukimsomea amekukabidhi macho yake. Hiyo ni amana, nawe huna ruhusa ya kumwonyesha kisichokuwapo, hata kama atacheka na kukusifu. Na neno ambalo hujui maana yake usimvike mtu, liwe la gazetini au la kinywani mwako."

"Nimesikia, mama."

"Vizuri. Sasa yule mama wa karoti, kule mlimani, habari ya kwanza imemfikia, hii ya pili bado. Naye ana majirani." Bi Shadia alijitanda khanga, akafungua mlango. "Vaa viatu. Njia ni ndefu, na utakayesema ni wewe."