Tulishushwa Kwenye Lori la Kampeni la Mtoto Tuliyemlea

Lori lilikuwa limeshaondoka…

Fataki zinalia, ngoma zinapigwa, sisi huko juu tumeshika vyuma tunapungia watu. Ndipo Beng-hong, mtoto wa kaka yangu na mgombea mwenyewe, aliponiinamia sikioni.

"Shangazi… shukeni."

Nilidhani ni kelele za fataki.

"Unasemaje?"

"Shukeni. Wewe na Mama Sim. Hapo mbele kwenye duka la gesi."

Jamani, lori linatembea!

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nyuma yake alisimama Mwenyekiti Liau, mkubwa wa chama chao pale wilayani, anatabasamu huku anapungia watu, midomo haichezi.

"Ni picha tu, Mama," akasema, mkono ungali hewani. "Picha zinaenda mtandaoni leo leo. Wazee wa ukoo wakiwaona ninyi wawili hapo mbele, wataniuliza mimi."

"Watakuuliza nini?"

"Usinifanye niseme."

Mama Sim ndiye Gek-sim. Mke wangu huyo, goti lake la kulia limekufa miaka. Alikuwa amevaa kizibao cha njano alichokishona mwenyewe, jina la Beng-hong kifuani kwa uzi mwekundu. Alikesha nacho, macho yenyewe yale mabovu.

Lori likapunguza mwendo. Halikusimama. Lilipunguza tu.

Nikatangulia mimi, nikampokea. Alivyotua nilisikia goti likilia.

Na pale pale tukiwa tumeshikana kando ya mitungi ya gesi, kipaza sauti kikanguruma:

"Mimi Beng-hong! Mtoto wa familia ya kawaida! Naomba kura yako!"

Familia ya kawaida…

Sikulia, ndugu zangu. Nilichoka tu. Kuna uchovu unaanzia kwenye nyayo, mkishafika umri wangu mtanielewa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi naitwa Siong. Ujana wangu niliumalizia barabarani na kundi la maigizo ya kuimba, tunalala chini ya jukwaa, mji huu leo, ule kesho. Shule niliisoma vipande vipande hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa naigiza wanaume: majenerali, wasomi, wapenzi. Gek-sim alikuwa anashona mavazi. Mengine mtajaza wenyewe.

Kaka yangu alipofia baharini, mkewe akaenda zake, na mtoto akabaki. Tukarudi Kang-boe, mji wetu wa chaza na vitunguu saumu kusini mwa Taiwan, tukamlea. Mimi nilibeba mizigo bandarini. Gek-sim alimenya chaza mpaka vidole vikakosa alama. Beng-hong akavaa, akala, akasoma mpaka chuo.

Sheria ya ndoa za watu kama sisi ilipopita, tulikwenda ofisi ya usajili tukiwa vikongwe tayari. Shahidi alikuwa nani? Beng-hong. Akalia kuliko sisi.

Sasa anagombea ukuu wa mji. Na Gek-sim alikuwa na hamu moja tu duniani. Kwetu, mkutano wa mwisho wa kampeni, mgombea huita familia yake jukwaani, wanainama pamoja mbele ya watu. Gek-sim alitaka kuinama pale. Basi. Aitwe mama mbele ya mji, ainame, arudi nyumbani anywe uji wake.

Kizibao kile kilishonwa kwa ajili hiyo.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya kampeni. Sikwenda kugombana, nguvu za kugombana sina. Nilikwenda kuuliza.

Ofisi za kampeni kwetu zina sufuria kubwa mlangoni, kila apitaye anakula. Aliyekuwa anakoroga tambi ni Bi-hue mwenyewe. Huyu si mpishi wa kubezwa! Ndiye bosi wa karamu zote za Kang-boe, bangili za dhahabu mpaka kiwikoni, na wakuu watatu wa mji walipita kwenye mkono wake. Akisema namba mbili, watu wanampigia kura mgombea namba mbili.

"Kaka Siong, umekula?" akaniita. Watu wa rika langu bado huniita Kaka, tangu zile siku za jukwaani.

"Bado."

"Kaa ule."

"Nikishaongea na mtoto."

Beng-hong alikuwa ndani na Mwenyekiti Liau. Aliponiona akaangalia simu.

"Kesho tukimaliza kupiga kura…" akaanza.

"Sijaja kwa kesho. Leo jioni. Mama Sim atapanda jukwaani au hapandi?"

Akageuza simu kifudifudi mezani.

"Shangazi, nikishashinda nitawarudisha."

"Uturudishe kutoka wapi? Sisi tulikwenda wapi?"

Mwenyekiti akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mama, tuongee kikubwa. Mimi siwachukii. Lakini siasa ni hesabu. Watu wa namna yenu mji huu wote… hamjazi meza moja!"

Lazima niwaeleze hapo. Karamu zetu ni meza za duara chini ya turubai katikati ya barabara, watu kumi meza moja. Wanasiasa wetu huhesabu kura kwa meza. Mtu hasemi ana kura mia nne, anasema ana meza arobaini. Kwa hiyo Mwenyekiti aliponiambia hatujazi meza, alinipa bei yangu.

"Ukoo mmoja wa pale hekaluni una meza thelathini," akaendelea. "Wewe una ngapi? Wewe, mkeo, na yule kinyozi wa sokoni? Watatu! Viti saba vitupu!"

Akacheka. Watu wawili watatu wakacheka naye.

Beng-hong hakucheka. Lakini pia hakusema kitu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nje, upawa uligonga ukingo wa sufuria mara moja, kwa nguvu. Sikulitilia maanani.

"Kaka Siong, tambi zako," Bi-hue akasema nikipita. Sura imekaza kama mlango wa ghala.

"Sina njaa, dada."

"Chukua. Mpelekee mkeo."

Alisema mkeo kwa sauti, watu wote wakasikia.

Jioni hiyo Beng-hong aliinama jukwaani na mkewe na watoto wake. Tulisikia makofi tukiwa nyumbani. Gek-sim alikunja kizibao, akakiweka juu ya kabati.

"Amekonda," ndicho alichosema. "Amekonda, halali huyu."

Unaona moyo wa mama?

Yule mpinzani wake, Mwalimu Tho, mama mstaafu, mgombea asiye na chama, naye alikuwa amepita kwetu mchana wa siku hiyo hiyo. Nilimpokea mlangoni nimekunja uso.

"Shikamoo Bi Siong. Mkeo goti linaendeleaje? Nimesikia habari ya lori."

"Linauma."

"Mpe pole. Naomba kura zenu wote wawili."

"Mwalimu, mimi sipigi kura kwa ajili ya goti."

"Sawa," akasema, akainama, akaenda nyumba ya pili. Ndiyo hiyo tu. Hakuahidi kitu wala hakuleta bendera ya watu kama sisi. Aliuliza mke wangu anaendeleaje, kama watu wanavyouliza.

Kwetu hupigi kura unapofanyia kazi. Unapiga pale ulipoandikishwa makazi, hata kama umehama zamani. Kwa hiyo Ijumaa ile, mkesha wa kura, treni kutoka Taipei zilijaa vijana wetu, mabegi mgongoni, wengine wamesimama njia nzima. Mwenyekiti Liau alikuwa ameshawafuta kichwani. Alisema vijana hawarudi.

Walirudi.

Sin-ju, binti wa Bi-hue, naye akashuka, pamoja na mwenzake, binti mrefu ambaye kila mwaka mpya hubeba maboksi ya keki na kuitwa "rafiki anayekaa naye".

Siku ya kura niliingia kwenye kile kibanda na muhuri mkononi. Ndugu zangu, mkono ulitaka kwenda kwingine. Sikuuruhusu. Mtoto niliyembeba mgongoni akiwa na surua, nikampe nani kura yake? Nikagonga muhuri kwenye jina la Beng-hong, nikatoka.

Kuhesabu kwetu ni hadharani. Darasa la shule, milango wazi. Msimamizi ananyanyua karatasi moja moja watu waione, anaita jina, mwenzake anachora mstari ukutani.

"Beng-hong, kura moja!"

"Beng-hong, kura moja!"

Mwenyekiti Liau alikuwa dirishani anakula mbegu za alizeti, anatema maganda.

Kisha…

"Tho, kura moja!"

"Tho, kura moja!"

"Tho!" "Tho!" "Tho!"

Maganda yakakoma kudondoka.

Giza linaingia, mambo yakaisha. Beng-hong alishindwa, na si kwa kura nyingi. Meza chache tu.

Alinikuta uani kwa shule. Macho mekundu, jasho, koti limekaa upande.

"Umeniua, Shangazi!"

Watu wakageuka.

"Umezunguka nyumba kwa nyumba! Kwa sababu ya lori! Kwa sababu ya picha! Mimi nilikuwa ninawatengenezea maisha!"

Ningesema nini? Kura ni siri, na hata ningesema asingeamini.

"Sema basi! Umewaambia wangapi?"

"Mwache!"

Sauti ya nyuma yake hiyo. Bi-hue, aproni bado kiunoni, bangili zinalia.

"Mwache Kaka Siong. Ni mimi."

Mwenyekiti Liau akasogea haraka. "Dada, usitanie. Wewe ulitupa meza arobaini."

"Niliwapa. Halafu nikazichukua."

"Wewe?! Kwa nini?!"

Bi-hue akageuka, akamshika mkono yule binti mrefu wa maboksi ya keki, akamvuta mbele.

"Huyu ni nani?"

"Rafiki wa Sin-ju…"

"Ni mke wa Sin-ju. Mkwe wangu. Umempa mkono karamu ngapi? Umeniomba kura zangu akiwa amekaa pembeni yangu! Halafu unakaa kwenye ofisi ninayoipikia mimi, unasema hawajazi meza!"

Akamsogelea Liau.

"Kosa lako unajua ni lipi, Liau? Uliwatafuta kwenye meza yao. Hawana meza yao. Wako kwenye meza zote! Kila meza niliyokwenda jana kusema neno nilikuta mama wa mmoja, au kaka, au mjomba aliyenyamaza miaka. Sikushawishi mtu. Nilisema tu ulichokisema."

Beng-hong akanitazama.

"Shangazi… wewe ulimpigia nani?"

"Nenda nyumbani ukalale, mwanangu. Umekonda."

Akajua.

Usiku tukiwa tunavua viatu, nikamwambia Gek-sim, "Angalau sisi wawili tulimpigia."

"Wewe ulimpigia," akasema. "Mimi nilimpigia Mwalimu."

"Sim!"

"Aliuliza habari ya goti langu."

Miaka yote hiyo ya kulala kitanda kimoja, bado ananishtua!

Sasa enyi wenye vyama, mnaosoma huku mmejificha. Sitaki mbebe bendera yetu. Nimezeeka, bendera nimeziona nyingi zikibebwa na zikitupwa. Mkija kuomba kura, ombeni kwetu kama mnavyoomba kwa wengine, na mtutaje kwa majina yetu mchana, mbele ya watu. Mnapiga hesabu ya sisi tu na mnatuona wachache. Nyuma yetu kuna mama aliyetuzaa, kuna dada, kuna jirani tunayemkatia nywele. Ukimshusha mmoja wetu kwenye lori, hujui nani anatazama kutoka dirishani.

Yaliyowapata wote ni haya.

Mwalimu Tho ndiye mkuu wa mji. Barabara ya sokoni bado ina mashimo.

Mwenyekiti Liau alihamishiwa wilaya nyingine. Nasikia bado anahesabu meza.

Sin-ju na mkewe walifanyiwa karamu na Bi-hue mwaka mpya, chini ya turubai, barabara ikafungwa.

Beng-hong, kesho yake baada ya kura, alipita na lori kushukuru waliompigia, kama mila inavyotaka hata kwa aliyeshindwa. Mbele ya mlango wetu alizima kipaza sauti, akashuka, akainama mpaka chini. Gek-sim akamwambia aingie ale. Siku hizi anauza bima. Huja Jumapili.

Goti halikupona.

Kizibao cha njano Gek-sim huvaa akienda kumenya chaza.