Kinanda Kwenye Chumba cha Mtoto

"Huyu Mwalimu ni nani?"

Nilikuwa mlangoni, simu ya mume wangu mkononi. Yeye, fundi wa majokofu, alikuwa amekaa mbele ya kinanda cha umeme alichokinunua mtumba miezi minne iliyopita. Hedifoni masikioni, hakunisikia. Nikamvua upande mmoja, nikamsomea:

"'Nitumie ile ya asubuhi. Sauti yako ikitetemeka usiifute. Nakuelewa.' Anakuelewa nini?"

"Ananifundisha kinanda. Yeye ndiye aliyeniuzia."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

Chumba kile tulikipaka rangi wenyewe, kwa ajili ya mtoto. Mtoto akazaliwa kimya, hana uhai, mimba ikiwa ya miezi minane. Tangu siku hiyo hatukumtaja. Kitanda chake kilitoka, kikaingia kinanda, kompyuta kuukuu na mume wangu. Kila jioni alijifungia humo. Mimi jikoni nilisikia vidole tu vikigonga vibonye, muziki wenyewe ukiishia masikioni mwake. Nikawa na mume yupo hayupo.

"Mpigie. Weka spika."

Akapiga. Ikaitika sauti ya mama mtu mzima.

"Vipi mwanafunzi wangu, ule waya unafanya kazi? Bila huo kompyuta haitakisikia kinanda. Na ukirekodi usirundike sauti kumi kwa mpigo, anza na moja."

"Mimi ni mke wake," nikadakia.



"Pole, mwanangu. Pole sana na msiba wa mtoto. Wimbo wake anaurekodi vizuri, kidogo kidogo. Atafika."

Nikakata simu. Ningemfumania na hawara ningejua la kufanya: ningevunja vyombo, ningeita mashangazi. Kwa hili sikuwa na silaha.

"Umemwambia habari za mtoto wetu."

"Aliniuliza kwa nini nataka kujifunza ukubwani. Nikajikuta nimesema."

"Miezi saba tangu msiba tunalala kitanda kimoja. Kwangu hukujikuta?"

"Niliogopa kukutonesha."

"Kidonda kiko wazi, ungetonesha nini?"

Nikaenda chumbani kwetu, nikashusha begi, nikampigia dada yangu.

"Dada, nakuja kwako."

"Kuna nini?"

Nikamweleza yote huku nikikunja nguo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Chumba kipo, mdogo wangu. Lakini nikuulize. Wewe ulishamsimulia?"

"Nimsimulie nini?"

"Ulichonisimulia mimi. Kwamba ulimpakata mtoto."

Nikakaa kitandani, gauni mapajani.

Siku ile nesi alimuuliza mume wangu kama angependa kumwona mtoto. Akatikisa kichwa, akatoka nje. Mimi nilimpakata kama robo saa. Nilikichukia kile kichwa kilichotikiswa, na kwa chuki hiyo nikaamua kwamba robo saa ile ni yangu peke yangu. Dada nilimgawia. Baba mtu nilimnyima.

Nilirudi na begi mkononi.

"Unaondoka?" akaniuliza.

"Sijui. Chomoa hizo hedifoni, nisikie."

Akachomoa, akabonyeza. Kinanda kikatoka kwenye spika za kompyuta, sauti moja nyembamba, mkono wa kushoto ukichechemea nyuma ya wa kulia. Juu yake mume wangu anaimba kama mtu anayebembeleza. Akafika mahali anasema, *macho yako yananitazama.*

"Simamisha."

Akasimamisha.

"Macho hakuyafungua," nikasema.



"Sikumwona. Nimebuni."

"Najua hukumwona."

"Niliogopa nikimwona sitaweza kutoka mle ndani. Nikafikiri angalau mmoja wetu abaki amesimama. Kumbe nimekuacha peke yako."

Nikaweka begi chini, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Alikuwa na nywele nyingi, zimelalia upande mmoja. Masikio yako. Kidole cha mwisho cha mguu kimempanda mwenzake, kama chako."

Akainamisha kichwa juu ya kinanda, vibonye vikalia vingi kwa pamoja, hovyo. Akalia navyo.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniuliza."

Kisha akaja kukaa kando yangu, akaanza kuuliza, polepole, kama anayeogopa nitakasirika.

"Kucha alikuwa nazo?"

"Zote."

"Alikuwa wa moto?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Uzito wake?"

Hilo sikuwa na maneno yake. Nikachukua mikono yake miwili, nikaikunja, mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya miguu.

"Hivi," nikamwambia.

Akakaa vile, mikono imepakata hewa, hathubutu hata kuisogeza.