Mzigo Ulioganda

IJUMAA, SAA 10:15 JIONI

"Akizaliwa?" Nesi aliuliza.

"Sindano ya kifua kikuu mkononi. Matone ya polio mdomoni," Nondo alijibu.

"Wiki ya sita?"

"Polio tena. Matone ya kuharisha. Sindano mbili za mapajani. Moja ya nimonia, nyingine ile ya magonjwa matano."

"Yataje."

Nondo akafumba macho. Jitu zima la kilo mia na ushei, lililokwisha kufungua sefu ishirini bila kuona ufunguo, likaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. "Dondakoo. Kifaduro. Pepopunda. Homa ya ini. Na... na yule mdudu wa uti wa mgongo."

"Halafu?"

"Wiki ya kumi, zinarudiwa. Ya kumi na nne, zinarudiwa. Surua miezi tisa, na tena mwaka na nusu." Akafumbua jicho moja. "Dada Nesi, na mtoto akipitwa? Wangu ana wiki kumi na moja, ya kumi hatukwenda."

"Haanzi upya. Anaendelea alipoishia. Mpeleke Jumatatu."

"Hee!" Kinyonga akacheka kutoka pembeni. "Mnasomea uuguzi au mnakwenda kuiba?"

Kinyonga ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mwembamba, mwenye mdomo wa kumuuzia samaki bahari. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi, hakina dirisha, kinanuka mpira na jasho. Juu ya meza palikuwa na fulana nne za njano, barakoa, na boksi la barafu la kubebea chanjo.

Mpango haukuwa mgumu. Wiki nzima wachanjaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio. Ukivaa fulana ya njano na kubeba boksi lile, hakuna geti linalokukatalia. Nyumba waliyoitaka ilikuwa ya mwenye bohari la dawa, yule aliyesambazia nusu ya kliniki za mji. Ndani palikuwa na sefu, na ndani ya sefu palikuwa na dhahabu ya marehemu mkewe. Kinyonga msimamizi, Nesi mchomaji, Nondo mbeba boksi. Dereva angekuwa Shemeji, mume wa dada yake Nesi. Bastola ingelala chini ya barafu.

"Saa nne kamili tunaingia," alisema Kinyonga. "Saa nne na dakika saba tunatoka. Atakayechelewa, namwacha."

"Wewe hujajibu swali hata moja," Nesi akamwambia.

"Mimi nina mdomo, mama. Mdomo haukariri."

Kiburi hicho. Na mtu mwenye kiburi humfundishi, unamwacha ajifunze.

IJUMAA, SAA 11:30 JIONI

Walitoka mmoja mmoja. Shemeji alimsubiri Nesi kwenye kona, amechuchumaa, anajifanya anakagua upepo wa tairi.

"Shemeji, bado una nia?"

"Ninayo. Saa nne na dakika kumi na mbili unaondoa gari. Unakwenda kituo cha polisi moja kwa moja. Usigeuke nyuma."

"Na wewe utatokaje?"

"Sitoki."

Shemeji akapangusa vumbi mikononi. Alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyechimba lile kaburi dogo mwaka juzi, akakataa kusaidiwa.

Mwaka juzi Nesi alikuwa na kliniki ya kusimamia, na alikuwa na binti. Wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, alimchoma kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwimbia. Kila mara alikagua kibandiko cha kichupa kama alivyofundishwa, na kila mara kilikuwa safi. Lakini kibandiko kile husema kama dawa imepata joto. Habari za baridi hakisemi. Na ile chanjo ya magonjwa matano ikishaganda, imekufa. Ukiiyeyusha inarudi kuwa maji yaleyale meupe, ila ikiachwa itulie chembe zake huzama upesi, na haimkingi mtu na chochote.

Mtoto akaanza kukohoa akiwa na miezi mitano. Kifaduro. Anakohoa mpaka midomo inageuka rangi, halafu anavuta pumzi kwa mlio ambao mama akiusikia mara moja hausahau. Siku kumi na tisa. Mtaani walizikwa watoto saba, na wote kadi zao zilikuwa zimejaa.

Ukafanyika uchunguzi. Mwenye bohari akaja na suti, akaapa kwamba majokofu yake ni mazima, kwamba uzembe ulikuwa wa kliniki. Nesi akanyea debe mwaka na nusu. Alipotoka, mpakuaji mmoja wa bohari akamfuata kwa siri akamweleza: jokofu kubwa liliharibika, likagandisha mzigo wote, na tajiri akasema, "Yeyusheni, pakieni." Mpakuaji hakutaka kwenda kuyasema mbele ya hakimu. Ana watoto, alisema. Nesi hakumlaumu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dhahabu haikumhusu. Alitaka yule mzee aseme kwa kinywa chake, mbele ya mtu wa damu yake, kwamba alijua. Alikuwa amebakiwa na kichupa kimoja cha mzigo ule, chenye lebo ya bohari. Usiku ule alikitia mfukoni.

JUMAMOSI, SAA 4:00 ASUBUHI

Mlinzi aliona njano akafungua geti huku akitabasamu. Dakika moja baadaye alikuwa amelala ndani ya kibanda chake, mikono nyuma, kitambaa mdomoni. Nondo alimwomba radhi.

Binti wa mzee alikuwa barazani na mtoto begani. Mwanamke kijana, khanga kiunoni, macho ya mtu aliyekesha na mwanawe.

"Karibuni. Mmekuja na matone?"

"Ndiyo, mama," Kinyonga akajibu kwa sauti ya asali. "Tunamchoma mara moja tu, begani."

Binti akasita. "Mnachoma matone?"

"Kidogo. Haumii."

Nondo alifumba macho kwa aibu. Mdomo huponza kichwa, wahenga hawakukosea. Binti alirudi nyuma hatua moja, akaita, "Baba!" na Kinyonga akatumbukiza mkono kwenye boksi, akatoa chuma kinachochuruzika maji.

"Ndani. Wote. Simu mezani."

SAA 4:04

Mzee alikuwa sebuleni na gazeti lake. Alikuwa amenenepa kidogo tangu siku za mahakamani. Alimtazama Nesi mara mbili, na mara zote mbili hakumtambua. Hilo lilimchoma Nesi kuliko alivyotegemea. Watu saba wamezika, na yeye hata sura hakuibakiza kichwani.

"Sefu iko wapi, mzee?" Kinyonga aliuliza.

"Ofisini. Msiwaguse wanangu. Chukueni mtakacho."

Nondo akaingia ofisini. Drili ikaanza kulia. Mtoto akalia nayo.

Nesi akavua barakoa. Akakaa kwenye kiti karibu na binti. "Nipe kadi yake, mdogo wangu."

"Kadi?"

"Ya kliniki."

"Wewe, unafanya nini?" Kinyonga akafoka.

"Namtuliza asipige kelele. Wewe shika mlango."

Binti akaitoa kadi kwenye mkoba. Nesi akaisoma. Wiki kumi na nne zilitimia juzi. Sindano ya tatu bado. Mbili za mwanzo zilipigwa hospitali ya ng'ambo ya mto, saa mbili kwa gari.

"Mbona mbali hivi? Hapa kuna kliniki tatu."

"Baba ndiye anayetupeleka. Anasema huko hakuna foleni."

"Na wa kwanza wako?"

"Naye hukohuko. Wajukuu wote."

Nesi akainua uso akamtazama mzee. Safari hii mzee alimtambua. Rangi ya uso ikamtoka.

SAA 4:08

"Bado?" Kinyonga alipiga kelele kuelekea ofisini.

"Chuma kigumu! Dakika mbili!"

Nesi alitoa bomba jipya, akalichomoa kwenye karatasi yake. Akatoa kichupa. Akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake chembe nyeupe zilizunguka, zikaanza kuzama chini upesi, vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika.

"Sindano yake ya tatu imefika," alisema. "Nipo, dawa ipo. Tumchome."

"Hiyo umeitoa wapi?" mzee aliuliza.

"Bohari kwako. Si hii lebo yako? Ulimwapia hakimu kwamba ni nzima." Akavuta dawa kwenye bomba. Akamfunua mtoto paja. Paja la mtoto mnene, lenye mikunjo miwili, kama lile jingine.

Nisikufiche: nusu ya moyo wake ilitaka. Nusu ya moyo wake ilitaka yule mzee abaki na mtoto mwenye kadi iliyojaa, asubiri miezi miwili, asikie kikohozi. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Dada, tafadhali..." binti alianza kulia.

"Mwulize baba yako. Yeye ndiye mwenye dawa. Akisema ni nzima, nachoma. Akisema si nzima, naacha. Mzee, nichome?"

Drili ilinyamaza.

Sindano ikagusa ngozi.

"Usimchome!" Mzee alisimama, gazeti likaanguka. "Usimchome mjukuu wangu hiyo! Hiyo iliganda!"

"Nini kiliganda, baba?" binti aliuliza.

"Mzigo wote uliganda. Ningefanya nini? Ningetupa mzigo mzima? Ningefilisika, mwanangu!" Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Amechelewa.

Nesi akaondoa sindano. Akaifunika.

SAA 4:11

Nondo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mfuko wa dhahabu mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mzee," alisema taratibu. "Wangu alichomwa wiki ya sita, kliniki ya sokoni. Dawa yao inatoka kwa nani?"

Mzee aliinama kuokota gazeti lake.

"Nimekuuliza kwa heshima."

"Nondo, twende!" Kinyonga alikuwa dirishani. "Tumezidisha dakika nne! Twende!" Akachungulia nje, na mgongo wake ukakakamaa. Gari lilikuwa linakata kona, halina mtu ndani ila Shemeji. "Anakwenda wapi yule? Anakwenda wapi?"

Akageuka. Akamwona Nesi amekaa palepale, hana haraka, na akaelewa. Kinyonga alikuwa na maovu mengi lakini upumbavu haukuwamo.

"Umetuuza."

"Nimewauza," Nesi alikubali. "Nisamehe. Nilihitaji mtu wa kunifungulia mlango."

"Nimekulisha tangu utoke jela!"

"Najua."

Akapiga. Mlio ulijaza sebule, mtoto akapiga yowe, na Nesi akajikuta chini, nyonga yake ikiwaka moto. Kinyonga akainua tena mkono. Ukadakwa na mkono mkubwa kuliko wake.

"Yatosha," Nondo alisema.

"Amekuuza na wewe, mpumbavu! Polisi wanakuja!"

"Waje." Akamnyang'anya bastola, akaitupia dirishani. Akamsukumia mfuko kifuani. "Chukua dhahabu yako. Mimi na huyu mzee bado hatujamaliza."

Kinyonga alikimbia. Aliruka ukuta wa nyuma na mfuko, akamwangukia askari wa kwanza kufika. Nondo alimkamata mzee ukosi wa shati, akamkalisha, akauliza swali lilelile mara tisa. Hakumpiga. Mara ya tisa mzee alitingisha kichwa kukubali kwamba ndiyo, kliniki ya sokoni inachukua dawa kwake, na Nondo akamwachia, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti.

SAA 4:21

Askari walijaa sebuleni. Nondo alinyoosha mikono mwenyewe apigwe pingu. Alimwomba aliyempiga pingu ampigie simu mkewe, amwambie ampeleke mtoto ng'ambo ya mto, leo, asisubiri Jumatatu.

Mzee alikuwa amekwisha kujikusanya. Alinyoosha shati, akapangusa paji la uso. "Inspekta, hawa ni majambazi. Huyu mwanamke ametoka jela, ana kinyongo na mimi. Ametaka kumuua mjukuu wangu. Amesema mambo ya kichaa hapa, msiyasikilize."

Inspekta akamgeukia binti. "Mama, wewe ulikuwapo. Kumetokea nini?"

Nesi alikuwa ameegemea kabati, taulo la mtu limekandamizwa nyongani. Hakuwa na shahidi mwingine duniani. Mlinzi alikuwa kibandani, Nondo ni jambazi, na yeye nani atamwamini? Yote aliyoyafanya, na yote aliyowafanyia wenzake, yalikuwa mdomoni mwa mwanamke ambaye robo saa iliyopita alikuwa amemwinulia mwanawe sindano.

Binti alimtazama baba yake, kisha inspekta.

"Wamekuja kuiba," alisema. "Hilo kweli. Andika. Na huyu dada amenitisha, andika na hilo. Halafu andika kwamba baba amesema mzigo wa chanjo uliganda, na alijua, na aliusambaza. Nimesikia kwa masikio yangu. Nitasema popote mtakaponipeleka."

"Mwanangu," mzee alisema. "Mwanangu, hebu lete mtoto. Umechoka. Lete nimshike."

Akanyoosha mikono, kama alivyozoea kila asubuhi.

Binti alimhamishia mtoto bega la pili, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya askari. Mzee alibaki na mikono hewani, hajui airudishe wapi, na Nesi akaitazama mikono ile mitupu mpaka askari walipokuja kumwinua yeye.